Haibridi linawaka, haliondoki: Mnunuzi apime nini kabla ya kutoa fedha?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wanaonunua magari ya haibridi yaliyotumika, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, wanapaswa kufahamu kuwa gari la aina hiyo kuwaka si uthibitisho kwamba litatembea. Aidha, lisipotembea, si lazima betri kubwa au giaboksi iwe imekufa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atatoa fedha ya betri ndogo tu, au atazika sehemu kubwa ya mtaji wake gereji.

Magari hayo, yakiwemo Toyota Prius, Toyota Aqua na Honda Fit Hybrid, yanapendwa kwa kutumia petroli kidogo. Hata hivyo, likigoma moja, mwenye haraka huliuza kwa bei ya kutupa, na mwenye hofu hununua betri kubwa kabla kosa halijajulikana. Wote wawili hupata hasara kwa kutopima.

Kuwaka ni nini?

Katika gari la kawaida, injini ikinguruma gari limewaka. Katika haibridi ya Toyota, kinachotazamwa ni taa yenye neno READY kwenye dashibodi. Redio inaweza kuimba na taa zote kuwaka, lakini bila READY magurudumu hayapati nguvu. Kinyume chake, READY ikiwaka na injini ikawa kimya, gari limewaka.

READY isipowaka, cha kwanza kupimwa ni betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndiyo inayoendesha kompyuta na kufungulia umeme wa betri kubwa. Gari lililokaa melini na yadi kwa wiki nyingi linaweza kufika likiwa na betri hiyo dhaifu. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma chini ya 12, ichajiwe kwanza. Hakikisha pia pedali ya breki imekanyagwa na taa za breki zinawaka.

Tahadhari: wakati wa kubusti, anayegeuza chanya na hasi anaweza kuunguza fyuzi na vifaa vya umeme vya bei kubwa.

READY ipo, gari haliendi

Hapa tazama herufi ya gia. Ukiweka D au R na dashibodi ikabaki P au N, shaka ielekezwe kwenye kifaa cha kuchagulia gia au kufuli la maegesho, si kwenye betri kubwa.

Herufi ikibadilika lakini gari likabaki palepale na alama za tahadhari zikawaka, ni lazima lisomwe kwa mashine inayozungumza na kompyuta ya haibridi, si ya injini pekee. Katika haibridi za Toyota aina ya Prius na Aqua, kurudi nyuma hufanywa na mota ya umeme. Kwa hiyo injini kunguruma vizuri hakusemi lolote kuhusu uzima wa mota hiyo.

Namba nne zinafaa kukumbukwa. P0A80 huelekeza kwenye betri kubwa. P0A93 kwenye upoozaji wa inveta. P0A0D kwenye plagi ya umeme mkubwa isiyokaa sawasawa. Na P0AA6 kwenye umeme unaovuja. Plagi iliyolegea na betri iliyokufa zote humfanya mwenye gari akate tamaa, lakini gharama zake haziko karibu hata kidogo. Namba huonyesha pa kuanzia; si hukumu ya kununua kipuri.

Milima na vumbi

Kwa anayepanda Mgeta au Nyandira kufuata mboga, joto ni jambo la kutazamwa. Katika Prius na Aqua, inveta ina maji na pampu yake, mbali na ya injini. Mwezi Novemba 2012 Toyota iliita magari kwa ajili ya kasoro za pampu hiyo. Betri kubwa nayo hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani kupitia tundu lililo kiti cha nyuma. Vumbi au gunia likiziba tundu hilo, betri huchemka.

Gari linalogoma mlimani kisha likaondoka baada ya kupumzika linaashiria joto. Safisha feni na upime pampu kabla ya kuzungumzia betri mpya.

Honda si Toyota

Honda Fit Hybrid iliyotoka Japani Septemba 2013 ina giaboksi ya hatua 7 yenye klachi mbili. Februari 2014 Honda iliita magari hayo kwa sababu programu ya giaboksi iliweza kufanya gia isishike na gari lisiondoke. Kufikia Oktoba 2014 Fit hiyo ilikuwa imeitwa mara 5, na rais wa kampuni akakatwa asilimia 20 ya mshahara kwa miezi 3.

Toyota nayo Februari 2014 iliita Prius milioni 1.9 kwa programu iliyoweza kuunguza inveta. Watengenezaji hao wana kurasa za mtandao za Japani ambako namba ya chesisi huonyesha kama gari lilifanyiwa marekebisho. Uliza kabla ya kulipa.

Hesabu ya mnunuzi

Taka gari liwashwe mbele yako likiwa baridi, liende mbele, lirudi nyuma, lipande mlima, kisha lisomwe kwa mashine. Likigoma, lisiburuzwe magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa kuwa mota huzalisha umeme yakizunguka. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni takriban kilometa 190, na gharama ya kulibeba iingizwe kwenye bei.

Nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na fundi asiye na glovu maalumu. Betri ya Prius ya 2003 hadi 2009 ina volti 201.6, na inveta huipandisha hadi 500. Umeme wa nyumbani ni 230. Hata plagi ya usalama ikichomolewa, husubiriwa dakika 10.

Kanuni ya bei ni moja. Chukua bei ya gari zima, toa gharama ya kosa baya kabisa ambalo vipimo havijaliondoa. Muuzaji akikataa vipimo, kosa hilo lihesabiwe kuwa ni betri na inveta kwa pamoja.