Sauti Ipi Isikike Tarime na Mugumu?

Katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, kazi ya kumchagua mwingiza sauti, yaani mtu anayesoma au kuigiza maneno yatakayosikika juu ya picha, kwenye tangazo la redio au kupitia kipaza sauti cha gari, mara nyingi huharibika mapema, pale mwenye mradi anapoanza kwa kuuliza ni nani mwenye sauti nzuri. Sauti nzito iliyonolewa katika studio za Dar es Salaam ina soko lake. Lakini uzuri wa sauti ni sifa ya msemaji, ilhali hatima ya ujumbe iko kwa msikilizaji, ambaye kabla ya kuyapima maneno humpima kwanza anayeyasema: umri wake, jinsia yake, kwao ni wapi, na kama jambo analolizungumzia ni la mtu wa aina yake kulizungumzia.

Kuingiza sauti kwenyewe ni kazi nyingi zenye jina moja. Ipo kazi ya kuondoa sauti ya kigeni na kuweka ya Kiswahili inayofuata midomo ya mwigizaji, ambayo watazamaji wa Tanzania walianza kuizoea tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ilipoonyeshwa na TBC mwaka 2011. Mwaka 2016 kampuni ya Kichina ya StarTimes ikaandaa mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili ambayo washindi wake walikwenda kufanya kazi Beijing, na Azam TV nayo ikaingiza majumbani masultani wa Kituruki wanaozungumza Kiswahili. Kabla ya hao kulikuwa na vibanda vya video, ambako Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizibeba filamu nzima za kigeni kwa sauti yake moja, wanaume kwa wanawake, huku akiongeza maelezo yake mwenyewe. Ni kosa kumwona Lufufu kama hatua duni iliyopitwa na wakati, kwa kuwa alielewa jambo ambalo studio za kisasa hulisahau, kwamba mtazamaji wa kibandani alihitaji mtu wa kutazama naye. Ipo pia kazi ya usimulizi, ambapo msemaji asiyeonekana huunganisha picha na picha, na ipo ile ya sauti juu ya sauti, ambapo mhojiwa huanza kusikika kwa lugha yake, kisha sauti yake hushushwa na msomaji akasoma tafsiri juu yake. Kwa miradi ya Mara, hii ya mwisho ndiyo inayohitajika zaidi, na ndiyo inayochaguliwa kwa uzembe zaidi.

Jina la Serengeti lenyewe limetoa mfano mzuri wa jinsi msimulizi anavyofuata hadhira. Mfululizo wa filamu za wanyama uitwao Serengeti, uliopigwa picha nchini Tanzania na kuongozwa na John Downer, ulitoka mwaka 2019 ukiwa na picha zilezile na wasimulizi wawili tofauti: BBC ilimpa kazi John Boyega, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, na Discovery ya Marekani ikampa Lupita Nyong'o, binti wa Wajaluo wa Kenya, ambaye kwa usimulizi huo alipendekezwa kuwania tuzo ya Emmy mwaka 2020. Simba jike alipewa jina la Kali, nyani akaitwa Bakari, na kila mnyama akapewa visa vya mapenzi, husuda na kisasi kana kwamba ni mhusika wa riwaya. Kwa mtazamaji wa London au Chicago, chaguo lilikuwa la busara. Kwa mkulima wa kijiji kinachopakana na hifadhi ya Serengeti upande wa magharibi, ambaye mahindi yake huliwa na tembo usiku, sauti yoyote inayomsimulia mnyama kwa mahaba huanza ikiwa na deni, hata kama ni ya Kiswahili fasaha. Filamu ya kuwafundisha wanakijiji hao namna ya kujikinga na tembo inahitaji sauti ya mtu aliyewahi kukesha shambani. Askari wa wanyamapori, hata akiwa na ujuzi wote, husikika kwanza kama askari.

Suala la lugha huja baadaye, nalo lina mipaka ya kisheria. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 kuhusu maudhui ya redio na televisheni zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa kwa kibali maalum. Hivyo rekodi ya Kikurya, lugha kubwa ya wilaya hizi mbili, haina nafasi ya kawaida katika redio za mkoa, ilhali ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Kenya, lugha hiyohiyo hutangazwa redioni na mawimbi hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Matokeo yake ni kwamba ujumbe wa Kikurya wilayani Tarime husafiri kwa njia nyingine: gari la matangazo, mkutano wa hadhara, sinema ya jioni kwenye uwanja wa shule, na faili za sauti zinazopokezanwa kwa simu. Njia hizo zina masharti yake. Sauti laini ya kunong'ona inayopendeza kwenye simu hupotea kabisa kwenye kipaza sauti cha gari linalopita sokoni, na msomaji aliyezoea kuinua sauti mnadani huchosha haraka masikioni mwa mtu aliyeiweka simu karibu na sikio.

Anayehitaji msomaji wa Kikurya hana budi kujua kwamba maandishi hayamwelekezi msomaji kwa ukamilifu. Kikurya kina irabu saba na ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya sarufi. Katika vitenzi vyake, kama alivyoonyesha mwanaisimu Leonard Chacha Mwita katika tasnifu yake ya mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mahali toni ya juu inapoangukia katika shina la kitenzi hutegemea wakati na hali ya tendo, mara mwanzoni kabisa, mara mbele zaidi. Maandishi ya kila siku hayaonyeshi toni hizo. Kijana aliyekulia Mwanza na kujifunza Kikurya kwa bibi yake wakati wa likizo anaweza kusoma kila herufi kwa usahihi na bado akasikika kama mgeni, na mwenye mradi asiyejua lugha hiyo hawezi kuligundua kosa hilo kwa kusikiliza demo.

Zaidi ya hapo, Kikurya humtaja msemaji kwa ukoo wake. Wairege, Wanyabasi, Watimbaru, Wakira, Wanchari, Walenchoka na wengineo wana tofauti za matamshi na msamiati ambazo mwenyeji huzitambua baada ya sentensi chache, na baadhi ya koo hizo zimewahi kupigana kwa sababu ya ardhi na mifugo. Rekodi ya kuhimiza amani, ikisomwa na mtu wa upande mmoja, huwafikia wa upande wa pili ikiwa tayari imeshapendelea. Baadhi ya waandaaji hulikwepa tatizo hili kwa kutumia Kiswahili, na si uamuzi mbaya, hasa wilayani Serengeti, ambako pamoja na Wakurya wapo Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Watatiro, kila jamii na usemi wake. Lakini wengine hutumia wasomaji wawili wa koo tofauti wanaopokezana, njia ambayo ina gharama zaidi na ambayo, kwa ujumbe wa amani, inastahili gharama hiyo.

Hata Kiswahili kina lafudhi, na lafudhi ya Mara imetumiwa vibaya. Kikurya kina r na hakina l, kwa hiyo katika Kiswahili cha baadhi ya wazee kula na kura hukaribiana, jambo ambalo katika tangazo la uchaguzi si dogo. Wachekeshaji wameifanya lafudhi hiyo kuwa sare ya askari mkali na mlinzi wa getini, kiasi kwamba mwandaaji kutoka nje ya mkoa, akitafuta sauti yenye ladha ya Mara, huletewa kichekesho badala ya mtu. Wenyeji hawacheki. Lafudhi ya kweli, isiyotiwa chumvi, ni mali katika ujumbe wa mkulima kwa mkulima. Katika maelezo ya dozi ya dawa, ambapo kila tamko lazima lishikwe, Kiswahili sanifu chenye utulivu ni salama zaidi.

Jambo zito kuliko yote linalozihitaji sauti katika wilaya hizi ni vita dhidi ya ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 10. Msimu wake ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na uamuzi wa kuufungua umekuwa mikononi mwa wazee wa mila wa kila ukoo, ambao baraza lao la siri huitwa inchama. Hapa kanuni ya kumtafuta mwenye mamlaka ya kusema inageuka kuwa mtego. Sauti ya mzee wa mila husikilizwa kuliko zote. Lakini kampeni inayompa yeye peke yake kipaza sauti inathibitisha, bila kukusudia, kwamba mwili wa binti ni jambo la wazee kuliamua. Sauti ya msichana wa mjini anayesoma vifungu vya sheria, kwa upande mwingine, huzimwa na wazee kabla ya sentensi ya tatu.

Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam Julai 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, unaonyesha njia nyingine. Ulijengwa kwa wahusika wa aina tatu: mwenye tabia njema, mwenye tabia mbaya kama Mkwaju, dereva wa lori, na yule anayeyumba kati yao, na kwa kuwa kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995, watafiti waliweza kulinganisha maeneo na kuona kwamba mchezo huo ulibadilisha mienendo. Anayeyumba ndiye aliyebeba mzigo, kwa sababu msikilizaji alijisikia mwenyewe ndani yake. Kwa Tarime, sauti hiyo ni ya baba wa makamo ambaye mama yake mzazi anamshinikiza na ambaye binti yake yuko darasa la saba, na msomaji wake lazima aweze kusita bila kuonekana anaigiza kusita. Wasomaji wa matangazo ya biashara, waliozoezwa kutoonyesha shaka hata kidogo, hushindwa kazi hii mara nyingi, na ni heri mwalimu wa shule ya msingi aliyezoea maigizo ya kanisani.

Kazi ya sauti juu ya sauti inaongeza hatari. Filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, ilionyesha nyumba salama ya Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ambako wasichana wanaokimbia kukeketwa hupokewa, pamoja na kazi ya mwanaharakati Rhobi Samwelly; na katika Tarime kituo cha Masanga kinahifadhi wasichana wa aina hiyo. Mashirika yanayoandaa rekodi kuhusu wasichana hawa hupenda kubakiza sauti zao halisi kwa sababu zina uzito usioigizika. Hata hivyo, pale kijijini sauti hutambulika kama uso unavyotambulika, na kuziba macho ya binti kwenye picha huku sauti yake ikiachwa wazi ni ulinzi wa kujidanganya. Ndipo mwingiza sauti anapokuwa sehemu ya usalama: asome maneno yote, asiwe wa ukoo wa binti wala jirani, na rekodi ya awali isibaki chini yake hata kwa sekunde mbili za mwanzo ambazo wahariri huzipenda. Umri nao unahitaji uamuzi. Mwanamke mzima anayebana koo ili asikike kama mtoto huaibisha simulizi. Afadhali asome kwa sauti yake ya kawaida, polepole, na mtazamaji atajua kwamba anasomewa.

Kwa mambo mepesi, uchaguzi nao ni mwepesi. Tangazo la chanjo ya ng'ombe linaweza kumtumia mpiga litungu, kinubi cha nyuzi nane cha Wakurya, kwa kuwa ameshazoeleka kama msimulizi na watu husimama kumsikiliza. Sharti pekee ni kwamba tarehe na mahali visomwe bila muziki.

Jaribio la haki huwa fupi. Wasomaji watatu husoma aya ileile ya skripti halisi, si demo zao za zamani zilizopakwa mwangwi, kisha rekodi huchezwa kupitia simu ya bei nafuu au kipaza sauti kilekile kitakachotumika, mbele ya watu wa rika linalolengwa katika kijiji kimoja cha Tarime na kimoja cha Serengeti, ambao hawaulizwi nani amewapendeza. Wanaulizwa msemaji ni mtu wa namna gani, anatoka wapi, na amesema wafanye nini. Majibu ya swali la mwisho ndiyo yanayochagua. Wakati huohuo hugundulika kasoro za skripti, kwani Kiswahili kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza huwa kirefu kuliko picha, na msomaji hulazimika kukimbia. Dawa yake ni kukata maneno, wala si kutafuta msomaji mwenye ulimi mwepesi.

Mkataba ndio unaosahaulika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji na haki zao katika rekodi, lakini wasomaji wengi wa wilayani hulipwa mkononi na kuondoka bila karatasi. Siku hizi kuna sababu mpya ya kuandika: mashine tayari zinasoma Kiswahili, na Microsoft ina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania zilizopewa majina ya Daudi na Rehema, wakati Kikurya hakimo katika orodha yake. Rekodi safi za Kikurya zitakuwa na thamani kwa wanaotaka kuzifundisha mashine hizo, kwa hiyo mkataba utaje rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, na kama inaruhusiwa kutumika kutengeneza sauti nyingine, tena usomwe kwa lugha anayoielewa msomaji kabla hajatia saini.