Irabu Moja Yageuza Maana

Yasimuliwa kwamba usiku mmoja, katika mji wa Basra nchini Iraki, binti wa Abul-Aswad ad-Duali aliinua macho akamwambia baba yake, "Ma ahsanu s-samai?" Baba akajibu, "Nyota zake." Binti akashangaa, kwani hakuuliza neno lo lote; alitaka kuusifu uzuri wa mbingu tu. Ndipo baba alipomwambia kuwa kama ni sifa, ilimpasa aseme, "Ma ahsana s-samaa!"

Asikiaye kwa haraka aweza kudhani kuwa usemi ni ule ule. Maneno hayakuongezwa wala kuhamishwa. Lakini katika usemi wa kwanza ahsanu laishia kwa u, na maana yake ni, "Kitu gani cha mbinguni ni kizuri kabisa?" Katika wa pili ahsana laishia kwa a, na mbingu vile vile, maana yake, "Jinsi mbingu zilivyo nzuri!" Tena, zikiandikwa kwa herufi za Kiarabu bila irabu, semi hizi mbili ni sawasawa kabisa. Basi yampasa msomaji aijue sarufi kwanza ndipo aweze kusoma, jambo lililo kinyume cha Kiswahili, ambacho hata mtoto hukitamka kama kilivyoandikwa.

Katika Kiswahili, karani akiandika, "Zaid alimpiga Amr," kisha akayapindua majina, mshtakiwa amekuwa mshtaki. Mwarabu aweza kusema, "Dharaba Zaidun Amran," au, "Dharaba Amran Zaidun," na mpigaji ni Zaid pote pawili. Neno la kitendo limetangulia. -Un yamwonyesha atendaye, na -an yamwonyesha atendwaye.

Abul-Aswad, aliyefariki karibu na mwaka 688, husifiwa katika mapokeo kuwa ndiye aliyeanza kutia nukta za irabu: juu ya herufi kwa a, chini yake kwa i, na kando kwa u. Baada yake, katika mji ule ule, alitokea Sibawayhi, naye hakuwa Mwarabu bali Mwajemi, akatunga kitabu kikubwa cha sarufi kiitwacho Kitabu tu, bila jina jingine.

Katika mazungumzo ya nyumbani na sokoni, Waarabu wa leo wameziacha sana irabu hizo za mwisho. Vitabuni, katika hotuba na katika kusoma Kurani, zingali zikishikwa.