Gesi ya Uzazi: Nafuu ya Mama na Haki ya Mkunga

Uchungu wa uzazi si jambo la kudharauliwa. Qur'ani Tukufu, katika Surat Maryam, imeutaja uchungu uliompeleka Bi Maryam kwenye shina la mtende. Basi msomaji asidhani kwamba tunaandika haya ili mama mzazi anyimwe nafuu yake.

Katika wodi za wazazi nchini Uingereza, nafuu hiyo mara nyingi ni nitrasi oksaidi, maarufu kwa jina la gesi ya kucheka. Huchanganywa nusu kwa nusu na oksijeni, na mama huivuta mwenyewe kila uchungu unapopanda. Mwili hauitumii, karibu yote hurudi kwa pumzi kama ilivyoingia. Mama akipumua nje chumbani, mkunga aliyemwinamia huivuta.

Mama huivuta kwa saa chache tu, ilhali mkunga yumo humo zamu baada ya zamu. Kuivuta kwa wingi kwa muda mrefu huidhoofisha kazi ya vitamini B12, na hapo mishipa ya fahamu hudhurika. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 uliwaona wasaidizi wa madaktari wa meno, waliofanya kazi penye gesi nyingi bila mtambo wa kuiondoa, wakichelewa kushika mimba. Sheria ya Uingereza imeweka wastani usiozidi sehemu 100 katika sehemu milioni za hewa kwa saa 8. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, baadhi ya hospitali zilisimamisha gesi hiyo baada ya vipimo kuvuka kiwango. Walioumia kwa uamuzi huo, bila shaka, ni akina mama.

Kufungua madirisha humsaidia mkunga, lakini gesi haipotei. Hupanda angani, hudumu zaidi ya miaka 100, na kilo yake moja hupasha dunia joto kama kilo 270 hivi za hewa ukaa.

Sweden walitangulia kuutafutia jambo hili dawa, na Newcastle wakafuata mwaka 2021. Mama hupumua ndani ya barakoa ileile, mtambo huifyonza pumzi hiyo, na kichocheo chenye joto huivunja gesi kuwa naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo hewa yetu ya kila siku. Sharti lake ni barakoa ishike vizuri usoni na mama asiiondoe kabla ya kutoa pumzi. Hilo afundishwe kliniki mapema, kwani uchungu ukishapamba moto hakuna anayesikiliza somo.