Hesabu iliyofichwa katika majani ya shamba

Anayepita kwa miguu katika mashamba ya mihogo huko Swima, kando ya ziwa Tanganyika, hufika nyumbani na mbegu ambazo hakuzitafuta. Ni nyeusi, nyembamba kama sindano, zina meno mawili au matatu kwenye ncha, nazo hushika suruali ya katekista na kanzu ya padri bila kuomba ruhusa. Mwanaseminari anayejua Kilatini ataelewa upesi jina ambalo wataalamu wameupa mmea huo, Bidens pilosa: wenye meno mawili, wenye nywele. Asili yake ni Amerika. Ni wa jamaa moja na alizeti.

Mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa selule. Ndani ya selule mna vijiti vidogo sana, jina lao kromozomu, vinavyobeba urithi wa wazazi. Vinaonekana kwa mikroskopi tu, selule inapojigawa. Mtu ana 46: fungu la 23 kutoka kwa baba, fungu la 23 kutoka kwa mama. (Kuvihesabu si kazi nyepesi; kwa miaka zaidi ya 30 vitabu viliandika 48, mpaka mwaka 1956.) Alizeti nayo ina mafungu mawili ya 17, jumla 34. Lakini mmea wetu wa Swima kwa kawaida una 72, yaani mafungu sita ya 12.

Mafungu hayo yametoka wapi? Mmea ukitengeneza chavua au yai, hupunguza kromozomu nusu kwa nusu. Mara chache kazi hiyo hukosewa, hesabu nzima ikabaki, na mtoto akazaliwa na mafungu zaidi. Pengine mimea ya aina mbili huchanganyika. Mtoto wao mara nyingi ni tasa, kwani kromozomu za baba hazipati wenzao upande wa mama. Hesabu ikijirudia mara mbili, kila moja inapata mwenzake, na uzazi unafunguka. Huko Marekani, Marion Ownbey alieleza mwaka 1950 aina mbili mpya za Tragopogon, za jamaa hiihii, zenye kromozomu 24. Wazazi wao, wenye 12, walikuwa wametoka Ulaya, na walikuwa hawajakaa pamoja huko hata miaka mia. Basi aina mpya ya mmea inaweza kuzaliwa babu angali hai.

Tusidhani kwamba wingi wa kromozomu ni cheo. Juu kwenye baridi ya Ruwenzori, Virunga na Kahuzi kuna Dendrosenecio, ndugu wa alizeti aliyekuwa mti. Mwaka 1993 Eric Knox na Robert Kowal walitangaza kwamba majitu hayo ya Afrika ya Mashariki yana kromozomu 100, mafungu kumi. Lobelia kubwa zinazoota pamoja nayo zina 28 tu, na zinavumilia baridi ileile.

Jamaa hii ilimsumbua hata Padri Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino huko Brno. Sheria zake za urithi, alizozipata kwa njegere, zilichapwa mwaka 1866. Kisha akashika Hieracium, ua dogo la manjano la jamaa ya alizeti, ambalo Nägeli, mtaalamu wa München aliyeandikiana naye, alilichunguza sana. Kwa sindano na kioo cha kukuza alifungua vijiua visivyozidi ukubwa wa punje, hata macho yakamuuma. Matokeo, aliyoyasoma hadharani mwaka 1869, yalikuwa kinyume cha njegere: watoto wa kwanza walitofautiana, lakini wajukuu walifanana kabisa na mama yao. Je, sheria ya njegere ilikuwa ya njegere tu?

Mendel alikufa mwaka 1884 bila kupata jibu. Mwaka 1903 Ostenfeld na Raunkiær wa Denmark walikata sehemu ya juu ya maua ya Hieracium, wakaondoa chavua yote; mbegu zikakomaa vilevile. Nyingi za aina hizo zina mafungu matatu, manne au matano ya 9, na hutoa mbegu kwa mama peke yake. Njegere ina mafungu mawili ya 7, na mbegu yake haifanyiki bila chavua.