Malaria ya Idete na Vifurushi vya Kompaila

Mwaka 1993 na 1994, watafiti waliokuwa Ifakara, Tanzania, akiwemo Dk. Andrew Kitua, waliwafuatilia watoto wachanga wa kijiji cha Idete kujua malaria inawaanza lini na inawarudia mara ngapi kabla hawajatimiza mwaka. Katika Bonde la Kilombero, kilipo kijiji hicho, wakati huo mtu aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea mara mia kadhaa kwa mwaka. Takwimu hizo, pamoja na za kijiji cha Namawala, baadaye zilitumika kuinyoosha OpenMalaria, programu huria iliyoanzia Basel, Uswisi, inayoiga kwenye kompyuta jinsi malaria inavyoenea, mtu mmoja mmoja.

OpenMalaria imeandikwa kwa lugha ya C++, na prosesa haielewi C++. Lazima kompaila iigeuze kwanza. Wengi wetu huichukulia kompaila kama programu moja tu, lakini mfumo wa Linux kama Debian umeigawa vipande, na mgawanyo huo una sababu nzito.

Kwenye Debian 12, andika ls -l /usr/bin/g++ uone kinachotokea: jina g++ ni kibao cha njia tu, kinaelekeza g++-12. Kompaila yenyewe imo kwenye kifurushi chenye namba, g++-12. Kifurushi hicho kinahitaji gcc-12. Hicho nacho kinahitaji cpp-12 na binutils, penye asembla na kiunganishi. Kwa kuwa namba imo ndani ya jina, g++-11 inakaa mashine hiyohiyo bila kugombana na mwenzake. Debian 13 imekigeuza kibao kielekee toleo la 14.

Maktaba ya kuendeshea programu, libstdc++6, imepangwa kinyume kabisa: ni moja kwa mashine nzima, hata kompaila ziwe tatu. Vipande vya programu moja lazima vikubaliane namna data inavyokaa kwenye kumbukumbu. Toleo la 5 la kompaila hii, GCC, lilipobadilisha mpangilio wa matini mwaka 2015, maktaba hiyo ilibaki na namna zote mbili, ya zamani na mpya, na Debian ikaongeza v5 kwenye majina ya maktaba nyingi za C++ ili zisichanganywe.

Uchaguzi wa kompaila unagusa moja kwa moja hata hesabu zinazotegemea namba za Idete. Kompaila ikiruhusiwa, huunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa hatua moja, desimali ikakadiriwa mara moja badala ya mbili. Tofauti hujitokeza kwenye tarakimu ya kumi na tano au ya kumi na sita. Ni ndogo mno, lakini OpenMalaria huamua kwa bahati nasibu nani anaambukizwa. Mtoto mmoja wa kwenye kompyuta akikwepa maambukizi kwa tofauti hiyo, mfuatano mzima unachukua njia nyingine. Wastani wa marudio mengi hautikisiki. Kinachopotea ni uwezo wa kurudia hesabu ileile hatua kwa hatua hadi kulikuta kosa lilipojificha, na kwa mtafiti hiyo ni hasara kubwa.

Ndiyo maana naona jina la kompaila na namba yake vinastahili kuandikwa kwenye kila ripoti ya aina hii, sambamba na toleo la OpenMalaria. Hifadhi ya snapshot ya Debian inatunza vifurushi vya tangu 2005, kwa hiyo anayetaka kuijenga upya programu kama ilivyokuwa ana pa kuanzia.