Kipaji, Kipawa na Shule za Vipaji Maalumu

Chini ya milima ya Uluguru, mjini Morogoro, iko shule ya wasichana ya Kilakala, iliyoitwa zamani Marian College. Na upande wa njia iendayo Iringa iko shule ya wavulana ya Mzumbe. Hizi, pamoja na nyingine chache kama Ilboru na Kibaha, huitwa shule za vipaji maalumu. Jina hilo lastahili kuchunguzwa.

Neno kipaji lina shina moja na mpaji, yaani mwenye kutoa. Kipawa hutokana na hali ya kutendwa, yaani kile alichopewa mtu. Yote mawili huzaliwa na kitenzi -pa. Maalumu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni "kijulikanacho". Basi kwa kufuata asili, kipaji maalumu ni karama iliyokwisha kujulikana. Lakini imejulikana kwa kipimo gani?

Kipimo ni mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, usimamiwao na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973. Wenye alama za juu kabisa hupelekwa katika shule hizo. Wengine hupata shule nyingine za bweni, na walio wengi shule za kutwa.

Katika shule nyingi za serikali mtihani huo huandikwa kwa Kiswahili, ila somo la Kiingereza. Mtoto wa Mgeta au Matombo aliyelelewa kwa Kiluguru huonyesha akili yake kwa lugha ya pili. Ni kweli kwamba lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja wa Kibantu. Hata hivyo mtoto aweza kujua sana kugawa mavuno kwa mafungu, akakwama kwa neno uwiano katika swali la hesabu. Naye akichaguliwa, husomeshwa sekondari kwa Kiingereza, lugha ya tatu.

Kwa hiyo alama huonyesha yale mtoto aliyofundishwa na aliyoweza kuyasema kwa lugha ya mtihani. Karama yaweza kuwamo, lakini haionekani peke yake. Mwalimu aliyekaa na mtoto miaka kadhaa huona mengine: maswali aulizayo, na wepesi wake wa kutambua kosa. Ushahidi huo wafaa kuwekwa kando ya alama.

Kiswahili chenyewe hutenganisha kufaulu na kuchaguliwa. Yafaa kitenganishe pia kuchaguliwa na kuwa na kipaji, ili asiyechaguliwa asidhaniwe kuwa hakupewa kitu.