Mlango wa Bahari na Gunia la Mbolea

Wakulima wengi wa skimu huuliza: "Vita viko mbali, mbona bei ya dizeli na mbolea hupanda hapa kwetu?" Hesabu hizi zitakuonyesha sababu.

Kati ya Irani na Omani pana mlango wa bahari uitwao Hormuz. Mahali palipo pembamba, upana wake ni mfupi kuliko njia ya Naivasha mpaka Nakuru. Mwaka 2024 yalipita hapo mafuta kama mapipa milioni 20 kila siku, yaani fungu moja katika kila mafungu matano yaliyotumika duniani. Pipa moja ni lita 159. Kenya nayo, mwaka 2023, ilipatana na makampuni ya serikali za Saudia na Imarati kuletewa mafuta yake.

Na mbolea je? Mbolea nyingi ya nitrojini hutengenezwa kwa gesi ya ardhini. Gesi ikipanda bei, mbolea hupanda pia. Mwaka 2022, Urusi ilipoishambulia Ukraina, gunia la kilo 50 lilifika kama shilingi 6,500 hapa Kenya. Mwezi wa Septemba Serikali ilitoa ruzuku, likauzwa shilingi 3,500.

Basi, ndugu mkulima, huwezi kuilinda bahari, lakini shamba lako waweza kulilinda. Funika samadi isioshwe na mvua. Pimisha udongo kabla ya kununua mbolea, usije ukatia isiyohitajiwa. Panda maharagwe kwa zamu na mahindi. Tena agizeni mbolea pamoja katika chama chenu cha ushirika, mapema kabla ya mvua. Fedha utakayookoa italipa karo ya watoto.